Leo Nani Alipika?

Ghala lile nikilikumbuka sasa, nalikumbuka kama limejaa maji ya ziwa, na sisi tuko chini kabisa tunatazama juu. Ni pamba iliyofanya hivyo. Kabla ya vita lilikuwa ghala la pamba iliyotoka bonde la Rusizi, na ingawa marobota yalikwisha kuondolewa, nyuzi zilibaki. Zilikaa kwenye kuta, kwenye boriti, kwenye nywele zetu. Jua la mchana lilipopenya kwenye matundu ya mabati zilishuka polepole ndani ya mwanga, zikapanda tena mtu alipopita, na sisi watoto tulilala chali juu ya magunia tukizifuata kwa macho mpaka usingizi utuchukue. Nje kulikuwa na viwanda vilivyofungwa, harufu ya kimea kutoka kiwanda cha bia, na nyayo za viboko kwenye udongo. Viboko walitoka ziwani usiku wakala majani ya kando ya barabara, na hakuna aliyewauliza kitambulisho. Niliwaonea wivu.

Nilikuwa na miaka tisa, au kumi. Aliyeijua hesabu hiyo ni mama. Mdogo wangu alikuwa angali wa kubebwa mgongoni akichoka, na alikuwa mwepesi wa kuchoka. Asubuhi moja mama alikwenda upande wa Carama, kwenye mashamba ya pembezoni, kuchimba viazi vitamu tulivyoviacha tulipokimbia. Alisema atarudi kabla jua halijawa kali. Jua likawa kali, likapoa, na sisi tulikuwa bado tumekaa pale alipotuacha, karibu na soko la Jabe. Siku iliyofuata mama mmoja wa Kikongo, muuza ndagala, yaani dagaa wa ziwani, alituona tumekaa vile vile. Hakuuliza maneno mengi. Alimpa mdogo wangu kidagaa kikavu atafune, akatushika mikono, akatupeleka ghalani.

Ghala lilikuwa la mzee mmoja Mwislamu, mfanyabiashara ambaye babu yake aliukuta mji huu ungali kijiji. Biashara ya pamba ilipokufa aliwapa makanisa ufunguo. Alisema ghala tupu huzaa panya, heri lizae kelele. Makanisa yaliyoupokea ufunguo yalikuwa manne, na sina budi kusema ukweli, kabla ya hapo yalikuwa hata hayasalimiani vizuri. Kila moja lilikuwa na hakika kwamba mengine matatu yanakwenda motoni, na tofauti ilikuwa tu juu ya lini. Lakini watoto walikuwa wameenea sokoni na kwenye mitaro, na hakuna kanisa lililoweza peke yake. Wakatoliki walikuwa na maharage. Waanglikana walikuwa na masufuria makubwa ya sherehe. Wasabato walikuwa na kuni, na Wapentekoste walikuwa na akina mama wenye sauti. Shida ikawaozesha, wakawa ndugu.

Wakagawana siku za kupika. Wasabato hawakugusa jiko Jumamosi, basi wakachukua Jumapili, siku ambayo wengine wote walikuwa kanisani. Hapo tu nadhani ndipo wengine walipoanza kuona kwamba kumbe Mungu alikuwa na akili alipowafanya Wasabato. Siku zilizobaki wengine watatu walizigawana.

Kila kanisa lilikuja na sala yake ya chakula, na chakula hakikutoka kabla sala haijaisha. Siku ya Wakatoliki ilikuwa ishara ya msalaba na maneno machache, kisha kijiko. Tuliipenda siku hiyo kwa ufupi wake. Siku ya Wapentekoste tuliinua mikono, kila mtu akaomba kwa sauti yake kwa wakati mmoja, kisha pambio na makofi, na ugali ukaota ngozi tukiutazama. Siku ya Waanglikana alikuja mzee mwembamba aliyesoma kwenye kitabu kidogo, nasi tukaitikia Amina pale alipoinua nyusi. Wasabato walitusimamisha nyuma ya bakuli, tumefumba macho kabisa, tukashukuru kwa kila kitu kimoja kimoja: aliyelima, aliyechota maji, aliyepasua kuni, aliyekoroga. Mtoto aliyesahau aliyepasua kuni alianza upya.

Mtoto mwenye njaa hujifunza haraka kuliko mwanafunzi wa seminari. Tulipoamka usingizi wa mchana, kabla hata hatujapangusa pamba usoni, swali lilikuwa moja tu, likipita kutoka gunia hadi gunia:

"Leo nani alipika?"

Mmoja angenusa. Karanga kwenye maharage, hao ni Wasabato. Ndagala, Wapentekoste. Mara moja mikono yetu ingejua ikunjwe, iinuliwe au iguse paji la uso. Hatukuwa tunafanya mzaha. Tulisali kwa moyo wote, sala zote nne, na mwanangu akiniuliza leo kama nilikuwa naamini, namwambia kwamba sijawahi kuamini tena kama nilivyoamini siku za maharage yenye karanga.

Sasa lipo jambo moja akina mama wale waliapa siku ya kwanza, wakiwa wameshika mwiko mmoja kwa pamoja: hakuna atakayemwuliza mtoto kabila lake. Swali hilo lilikuwa limeua watu wengi mno. Mtu aliyekuja na swali hilo mdomoni aligeuzwa mlangoni, hata kama amekuja na gunia la mchele. Walishika kiapo hicho mpaka mwisho, na kwa hilo nawaheshimu kuliko ninavyowaheshimu wengi waliosoma shule kubwa. Lakini binadamu ni binadamu. Ukimkataza kuwagawa watu kwa kisu hiki, atatafuta kingine, na atakinoa kwa nia njema kabisa.

Mvua zilipokuja, ghala lilivuja na watoto wakaanza kukohoa. Milio ya risasi nayo ilikuwa ikisogea. Komite ya makanisa ikakaa, ikaamua kwamba watoto hawawezi kuendelea kulala pale. Wapelekwe kwenye nyumba za watu. Ilikuwa sawa. Ila watagawanywaje? Wakasema: kila kanisa lichukue walio wake. Mtoto wa Kikatoliki akakae na Wakatoliki, wa Kipentekoste na Wapentekoste, mzazi akirudi amkute kwenye imani aliyomwachia. Ilionekana ni haki tupu.

Nilisikia habari hizo nikiwa nachambua mawe kwenye maharage, na mikono yangu ikasimama. Mama yetu alikuwa Mkatoliki. Mimi nilibatizwa, nikapewa medali ya Bikira Maria, ambayo nilikuwa bado naivaa shingoni. Lakini baba alipotoweka, mama alianza kwenda na jirani kwenye maombi ya Wapentekoste, mdogo wangu akiwa mgongoni, na mtoto yule alijifunza kupiga makofi kabla hajajifunza kutembea. Pambio likianza popote pale, hata akiwa amelala, viganja vyake vilitafutana. Wakatoliki walikuwa wanawapeleka watoto wao kwa masista, huko Gitega, milimani. Wapentekoste walikuwa wanawagawa kwenye nyumba za hapa mjini. Na barabara ya kupanda Gitega, wakati ule, mtu hakuipita kwenda kumsalimia mtu.

Kwa hiyo nilijua vizuri kabisa kinachokuja. Mimi ningepanda mlima na yeye angebaki ziwani. Angekua. Angenisahau, maana mtoto wa umri ule husahau kama anavyonywa maji. Niliogopa hivi kwamba nilisahau kula, nami sikuwa mtoto wa kusahau kula.

Nikafanya mpango. Niliivua medali nikaishona kwenye pindo la gauni. Nikajifunza pambio lote, na ubeti ule ambao wengine huuruka, na namna ya kufumba macho na kutikisa kichwa kidogo. Yeye atapiga makofi, nilijua. Nami nitapiga makofi. Tutabaki wote ziwani.

Siku ya kugawanywa ilikuwa Jumapili mchana, maana ndipo wakubwa wote walikuwa huru baada ya ibada. Walikaa mezani katikati ya ghala: padri, pasta wa Wapentekoste, yule mzee mwembamba wa Kianglikana, na kiongozi wa Wasabato aliyekuwa mtu wa haya sana. Mzee mwenye ghala alikaa kando na tasbihi yake, kama mgeni harusini. Kwenye kuta waliweka mabenchi manne, benchi moja kwa kila kanisa. Mezani waliweka bakuli la uji wa moto. Mtoto ataitwa, ataambiwa aombee uji kama walivyoomba kwao nyumbani, na kwa sala yake atajulikana. Mama muuza ndagala ndiye aliyekuwa akiwaita watoto.

Pamba ilikuwa ikishuka kwenye mwanga. Nakumbuka nilifikiri kwamba tuko ndani ya kitu fulani kinachotikiswa taratibu, na kikisimama kutikiswa kila mtu atakuwa ameangukia mahali pake.

Mtoto wa kwanza akafumba macho, akashukuru kwa aliyelima, aliyechota maji, aliyepasua kuni, aliyekoroga. Akapelekwa benchi la Wasabato. Wa pili akashukuru kwa aliyelima, aliyechota maji. Benchi la Wasabato. Wa tatu vile vile. Wa nne alisahau aliyepasua kuni, akaanza upya bila kuambiwa. Wakubwa wakaanza kutazamana. Benchi la Wasabato likajaa, watoto wakapakatana, wengine wakakaa chini, na mabenchi matatu yalikuwa hayana hata nzi. Kiongozi wa Wasabato alikuwa akitokwa jasho.

"Ndugu zangu," akasema kwa sauti ndogo, "mi sikufundisha hawa batoto kitu."

"Hakuna mwenye amesema," akajibu padri, lakini uso wake ulikuwa umesema.

Mimi nilielewa kabla yao, maana nilikuwa mwenzao wale watoto. Ilikuwa Jumapili. Karanga zilikuwa zikinukia tangu asubuhi. Na kuelewa huko hakukunisaidia, kulinivuruga. Mdogo wangu atafanya nini? Atapiga makofi aliyozaliwa nayo, au atafuata karanga kama wengine? Na watoto wakubwa ndio walioitwa kwanza. Lazima nichague benchi kabla yake. Maji yalinifika shingoni. Nikasikia naitwa.

Nilisimama mbele ya uji. Nikapiga makofi. Niliimba pambio lote, na ule ubeti, peke yangu, katikati ya ghala lile kubwa, na sauti yangu ikapanda ikagonga mabati ikanirudia. Pasta alifurahi hivi kwamba karibu aitikie.

"Apana," akasema sista aliyesimama nyuma ya padri. "Uyu ni mutoto wetu. Medali yako iko wapi, mama?"

"Sina medali," nikasema, na pindo la gauni likawa zito kama jiwe la kusagia.

Wakabishana kidogo juu yangu, kwa heshima nyingi. Mwishowe nikakaa kwenye benchi la Wapentekoste, peke yangu, benchi refu kama barabara. Kisha mama muuza ndagala akamwita mdogo wangu.

Alikuja akikokota gunia, maana hakutembea bila gunia lake. Meza ilimfika kidevuni. Aliutazama uji, ambao kufikia hapo ulikuwa umepoa zamani na kuota ngozi juu.

"Mutoto," akasema pasta, "ombea uji tusikie. Unasalaka namna gani?"

Akamtazama pasta. Akamtazama padri. Akawatazama wote wanne, mmoja mmoja, kama mtu anayepanga mambo yake asije akakosea, kisha akauliza kwa adabu:

"Leo nani alipika?"

Aliyecheka kwanza ni mzee mwenye ghala. Alicheka mpaka tasbihi ikamdondoka, akajifuta macho kwa ncha ya kanzu, akasema, "Wallahi, mabwana, mmejibiwa." Mzee wa Kianglikana akafunga kitabu chake. Kiongozi wa Wasabato alipumua kwa mara ya kwanza tangu saa ile ianze. Hata padri alitabasamu, akitazama benchi lililojaa kana kwamba ndiyo kwanza analiona.

Lakini mama muuza ndagala hakucheka. Alipiga magoti mpaka uso wake ukawa sawa na wa mtoto.

"Leo hakuna mwenye alipika," akamwambia polepole. "Siyo ya hapa, mwanangu. Kwenu. Mukiwa na mama. Mbele ya kula, munafanyaka nini?"

Mdogo wangu alifikiri. Aliweka gunia chini. Akalivuta bakuli kwa mikono miwili, akalipuliza. Alipuliza kwa bidii, mashavu yamejaa, uji ambao ulikuwa baridi kuliko sakafu. Akagusa ukingo kwa mdomo kuona kama umefaa. Akapuliza tena. Kisha akalibeba, likamwagika njiani kwenye kifua chake na miguuni, akapita mbele ya padri na pasta na mabenchi yote, akaniletea mimi.

"Kwetu banapulizaka kwanza," akawaambia. Akapanda kwenye benchi langu, akakaa.

Nililia. Sikulia vizuri, nililia na kamasi. Mama muuza ndagala alisimama, akafunga kitenge chake upya kwa nguvu, na nilijua kwa namna alivyokifunga kwamba sasa kutakuwa na maneno.

"Bamupeleke huyu mlimani na ule ziwani," akawaambia wakubwa, "mi nitakuwa nimeishakufa. Kwangu kuko nafasi. Nyembamba, lakini iko."

Sista akasema medali je. Nikapasua pindo la gauni kwa meno, nikaitoa, nikaiweka mezani, maana sikuwa na la kuficha tena. Sista aliichukua. Akanivalisha mwenyewe shingoni, akasema Jumapili nije misa, na mdogo wangu aje akipenda, na makofi yake ayaache nje. Mama muuza ndagala akasema makofi hayaachwi nje. Wakakubaliana kubishana siku nyingine.

Watoto wa benchi lililojaa waliitwa tena, mmoja mmoja, ila safari hii hawakuulizwa sala. Waliulizwa, "Unalalaka karibu na nani?" Na kila mtoto alinyoosha kidole.

Tulikaa kwake Jabe mpaka vita vikaisha, na baada ya hapo. Makanisa yale yaliendelea kupika pamoja muda mrefu, na yaliendelea kugombana pia, juu ya chumvi hasa. Mama hakurudi kutoka Carama.

Mdogo wangu sasa ni mtu mzima, ana kitambi, na amejenga huko huko Carama, kwenye mtaa ambao zamani ulikuwa mashamba. Nikienda kwake, huwapakulia wanawe yeye mwenyewe, hupuliza kila sahani, hata wali uliopoa. Wanawe humcheka. Yeye huwaambia kwamba hiyo ndiyo sala ya bibi yao. Kwamba hakumbuki uso wake, wala sauti yake, lakini pumzi yake anaikumbuka, ikipita juu ya chakula na kumfika usoni.

Mama alikuwa mtu wa haraka. Alitupakulia amesimama, akala mwisho, na sikumbuki hata siku moja akipuliza chakula cha mtu. Aliyempulizia mdogo wangu ni mimi, kwenye njia tuliyokimbilia, na pale sokoni, na ghalani kila siku, kwa sababu alikuwa na papara na alijiunguza ulimi. Namtazama akiwaeleza wanawe. Namwachia mama pumzi hiyo, kisha nanyoosha sahani yangu nami nipuliziwe.